Deni la Asiyejizoeza

Swali tutakalolitazama mwezi huu ni dogo kwa sura, walakini lina mizizi mirefu. Je, mtu anayo haki ya kuingia katika mbio ndefu hali akijua ya kuwa hakujizoeza? Wengine watacheka, na kusema ya kuwa miguu ni yake, maumivu ni yake, wala hapana mtu mwingine apaswaye kumwuliza. Sisi nasi tulikuwa tukisema vivyo hivyo. Sasa hatusemi tena, na sababu yake ndiyo tunayotaka kuieleza.

Siku hizi mbio za barabarani zimekuwa nyingi katika nchi yetu. Huko Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, watu hukusanyika kila mwaka, wageni kwa wenyeji. Unguja nako mbio hufanywa katika Mji Mkongwe, na watu wa bara huvuka bahari kwenda kushiriki. Wako wakimbiao marathoni nzima, ambayo ni kilomita 42 na mita 195. Wako wakimbiao nusu yake. Wako pia wapendao kilomita 10 au 5. Jambo hili ni jema. Huwaondoa vijana katika uvivu, huwapa wazee sababu ya kutembea, na mara nyingi fedha zinazopatikana huwasaidia wagonjwa na wanafunzi. Basi hatuandiki ili kuyapinga mashindano. Twaandika kwa ajili ya yale yaliyotupata sisi.

Tulikuwa watatu wa usharika mmoja. Tulijiandikisha kwa nusu ya marathoni katika mbio mojawapo za Mji Mkongwe, miezi mitano kabla ya siku yenyewe. Mmoja wetu, binti afundishaye shule ya Jumapili, alianza kujizoeza juma lile lile. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, mara nne kila juma, mvua ikinyesha au isiponyesha. Kwanza alikimbia kilomita 3, kisha 5, kisha 8, hata mwezi wa tano akaweza kukimbia 18 pasipo kusimama. Alikuwa na tumaini moja tu, nalo ni kumaliza chini ya saa mbili. Sisi wawili tuliosalia tulikuwa na shughuli, au ndivyo tulivyosema. Kila juma tuliambiana, “Juma lijalo.” Siku ya kupanda meli pale Dar es Salaam tulihesabu siku tulizojizoeza. Sisi tuandikao tulikuwa na siku tisa. Mwenzetu kijana alikuwa na siku sita.

Katika meli yule kijana alichangamka sana. Akasema, “Mwalimu, moyo ukitaka, miguu itafuata. Akhwari alimaliza na goti lililoteguka, sembuse mimi mwenye magoti mawili mazima?” Tukacheka. Binti hakucheka, alikuwa akitazama maji.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili, tulisimama Forodhani. Ilikuwa majira ya kipupwe, upepo mwanana ulivuma toka baharini, na kila mtu alijiona mwepesi. Njia ilipita Mizingani na Malindi, ikashika barabara ya Bububu, upande ule ule ambako mwanzoni mwa karne ya 20 gari moshi la Unguja lilikuwa likipita, kisha ikageuka na kurudi mjini. Kijana alitoka kama mshale. Binti alikwenda kwa mwendo wake mwenyewe, akiitazama saa mkononi, asijali waliompita. Sisi tulikuwa nyuma yake, na kabla ya kufika magofu ya Maruhubi tulikwisha kujua ya kuwa tumejidanganya. Mguu wa kushoto ulianza kuuma, pumzi haikutosha, na jua lilikuwa halijapanda hata kidogo.

Mbele yetu mambo yalikuwa mabaya zaidi, nasi hatukuyajua hata tulipoyafikia kwa kutembea. Yapata kilomita ya 15, katika kurudi, karibu na Mtoni, yule kijana alianza kuyumba. Binti alimkuta hapo. Anasema alimwita jina lake naye akamjibu maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Akamshika kabla hajaanguka barabarani, akamketisha chini ya mwembe, akapaza sauti kuomba msaada. Mama mmoja wa mtaa ule, asiyetujua wala sisi kumjua, alitoka na ndoo ya maji na kanga mbili, akazilowesha, akamfunika kijana kifuani na shingoni. Watu wa matibabu wakaja, wakamchukua. Jioni alikuwa mzima, ashukuriwe Mungu. Lakini binti hakukubali kumwacha mpaka gari lilipoondoka, na miguu yake ilikuwa imekwisha kukaza. Alifika Forodhani baada ya saa tatu na zaidi. Miezi mitano ya alfajiri ililala chini ya mwembe ule.

Basi hapo ndipo tulipolipata jibu la swali letu. Tulidhani ya kuwa mtu asiyejizoeza hujitwisha hatari yake peke yake. Sivyo. Yeye hukopa, na mara nyingi mlipaji wa deni ni mtu asiyekopa. Kijana hakulipa, alilala kitandani akapozwa. Aliyelipa ni yule aliyekuwa na akiba, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na kitu cha kutoa. Ndivyo ilivyo duniani: mtegemewa ni yule aliyejiweka tayari, naye akitegemewa mno na wasiojiweka tayari, kazi yake mwenyewe huharibika.

Huenda msomaji atauliza, “Je, kujizoeza kuna nguvu kiasi hicho? Kijana mwenye afya hawezi kukimbia kilomita 21 kwa nguvu za ujana tu?” Yafaa tueleze kidogo hali ya mwili. Mwili ufanyapo kazi huzaa joto, na jasho likikauka juu ya ngozi huliondoa joto hilo. Lakini pwani na visiwani, ambako hewa imejaa unyevu, jasho hutiririka lisikauke, na joto hubaki ndani. Mwili uliozoezwa kwa majuma kadhaa katika hali hiyo hujifunza: huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi, na maji ya damu yake huongezeka, ili moyo uweze kuitumikia misuli na ngozi pamoja. Tena, akiba ya wanga iliyo katika misuli na ini hutumika upesi kwa mtu asiyezoea, hasa akianza kwa kasi; aliyezoea huitumia kwa kadiri, kwa maana mwili wake umejua kuchoma mafuta pamoja nayo. Moyo na mapafu huanza kupata nguvu katika majuma machache, lakini kano na mifupa hutaka miezi. Ndiyo sababu mtu ajihisiye ana pumzi nzuri aweza kuumia mguu vibaya. Wala kunywa maji kupita kiasi si dawa, kwani huipunguza mno chumvi katika damu, na hilo nalo laweza kuua. Mtu akiyumba, akichanganyikiwa katika maneno, na mwili wake ukawaka joto, asiambiwe ajikaze. Asimamishwe, apozwe kwa maji mara moja, waganga waitwe. Mambo haya hayajui moyo umetaka nini.

Sasa na turudi kwa Akhwari, kwa maana jina lake lilitumika vibaya katika meli yetu, na twadhani hutumika vibaya mahali pengi. John Stephen Akhwari, mwenyeji wa Mbulu, aliiwakilisha Tanzania katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Mji ule uko juu, kadiri ya mita 2,240 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni haba. Misuli ilimkaza, kisha, yapata kilomita ya 19, wakimbiaji wakisongamana, akaanguka, akaumia goti na bega. Alifungwa kitambaa, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2 na dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, jua limekwisha kuchwa, watazamaji wengi wamekwenda zao. Wakimbiaji 75 walikuwa wameanza. Waliomaliza ni 57, naye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake lilikuwa, kwa maana yake, ya kuwa nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze tu, bali amalize.

Ni habari ya kutia moyo, na hatumnyang'anyi heshima yake hata chembe. Lakini tuitazame vema. Je, alikuwa mtu asiyejizoeza? Miaka miwili baadaye, mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, mtu huyu huyu alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Hakuna afikaye hapo kwa nguvu za ujana tu. Yaliyompata Mexico City yalikuwa ajali, juu ya kazi ya miaka. Tena alikuwa ametumwa. Nyuma yake palikuwa na watu waliomwamini. Uvumilivu wake ulikuwa uaminifu kwa waliomtuma. Uvumilivu wa mtu asiyejizoeza ni jambo jingine. Yeye hakutumwa na mtu, wala ajali haikumpata. Alichokipata ni mavuno ya shamba lake. Akijifunika kwa vazi la Akhwari, anavaa nguo isiyo yake.

Yuko Mtanzania mwingine ambaye vijana wetu wangefaa kumkumbuka sambamba na huyo, naye ni Juma Ikangaa. Yeye hujulikana kwa usemi wake ya kuwa nia ya kushinda si kitu, ikiwa hapana nia ya kujiweka tayari. Naye alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka 1988 huko Boston, Ibrahim Hussein wa Kenya alimtangulia kwa sekunde moja tu. Mwaka 1989 alikuwa wa pili tena mahali pale pale, na mwaka 1990 tena. Katikati ya hayo, mwaka 1989, alishinda marathoni ya New York kwa saa 2 na dakika 8 na sekunde 1. Mtu wa namna hii ajua ya kuwa kujizoeza hakumpi mtu haki ya kushinda. Waweza kufanya yote yakupasayo, na mwingine akakupita kwa sekunde moja. Wazee wetu husema ya kuwa jitihada haiondoi kudura. Lakini hawakusema ya kuwa kudura huondoa wajibu wa jitihada.

Hapo twafika penye shida ya kweli, maana mithali za lugha yetu zaonekana kushindana. Moja yasema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nyingine yasema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mtu aliyekwisha kuanza na sasa ajiona hawezi, aitii ipi? Akiacha, huitwa mwoga na kigeugeu. Akiendelea, huenda akaanguka, na wengine wakaanguka pamoja naye.

Twaona ya kuwa mithali hizi mbili hazishindani. Ile ya kwanza haimwambii mtu ayaoge maji yasiyo na kina kwake baada ya kuvua nguo; yamtaka afikiri kabla ya kuvua. Kosa la kijana wetu halikufanyika Mtoni. Lilifanyika katika kila asubuhi aliyosema “juma lijalo.” Pale Mtoni lilionekana tu. Na sisi tulitenda kosa lile lile, ila tulikuwa na bahati ya kuwa wazee kidogo, tukachoka mapema. Hatuna la kujisifia. Kutembea kwetu hakukuwa hekima. Kulikuwa maumivu ya mguu.

Walakini, kwa yule ambaye amekwisha kukosa na sasa yuko njiani, liko jambo moja jema ambalo bado aweza kulifanya: na akiri kwa miguu yake. Apunguze mwendo. Atembee bila aibu. Akiona dalili mbaya, aketi kando, amwambie mtu wa kwanza apitaye, “Sikujizoeza, siwezi.” Neno hili ni gumu kuliko kilomita kumi, kwa kuwa laondoa fahari yote. Lakini kama kijana angalilisema kwenye kilomita ya 12, binti angaliweza kupita akimpungia mkono, na deni lingalikuwa dogo.

Huenda katika sharika zetu liulizwe swali jingine, nalo ni zito. Je, sisi Walutheri hatufundishi ya kuwa mtu hahesabiwi haki kwa bidii yake? Mbona leo mwasifu bidii? Jibu letu ni hili. Neema ya Mungu haipimwi kwa kilomita, wala hapana aliyeikimbilia akaishinda. Lakini jirani yako si Mungu. Jirani huchoka. Jirani ana alfajiri chache tu za kutoa. Matendo yetu mema hayahitajiwi mbinguni kana kwamba huko kuna upungufu. Yahitajiwa hapa, karibu na Mtoni, na yule atakayelazimika kutushika tukianguka. Mtume Paulo alipoutumia mfano wa mashindano ya mbio kwa Wakorintho, watu waliokuwa na michezo mikubwa karibu na mji wao, hakusahau kutaja jinsi washindanao wanavyojizuia na kuutawala mwili. Alijua ya kuwa wasikilizaji wake wamewaona.

Na jambo hili si la barabarani tu. Ndugu zetu waalimu wa dini, hebu tujiulize. Mara ngapi tumesimama mbele ya watoto wa kipaimara bila kulisoma somo, tukitumaini ya kuwa ulimi utapata njia yake? Mara ngapi tumekubali kazi ya mtunza hazina hali hatujui kuandika hesabu, tukaona haya kusema? Twasema, “Nitajikaza siku ile.” Siku ile yaja, twajikaza, na watu hutusifu kwa kujikaza. Lakini mtoto aliyekuja na swali amerudi nalo nyumbani, na mwenzetu ajuaye hesabu amekesha usiku akisahihisha daftari. Nao hawatajwi katika sifa zile. Ushujaa wa siku moja huonekana na wengi. Kujizoeza kwa miezi mitano hakuonekani na mtu, ila labda jirani asikiaye mlango ukifunguliwa saa kumi na moja.

Hatusemi kwamba mtu asianze lo lote mpaka awe mkamilifu. Kwa sheria hiyo hapana ambaye angetoka nyumbani. Asiyejizoeza kwa kilomita 21 akimbie 5, na mwakani 10. Bandu bandu huisha gogo. Wala hatusemi kwamba aliyejizoeza anayo ruhusa ya kumpita aliyeanguka. Binti alitenda lililompasa, naye mwenyewe hakuona kwamba alikuwa na njia nyingine. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, ya kuwa mtu mwema hawezi kutupita, yatupasa tusimweke katika lazima hiyo kwa uvivu wetu. Wema wa mwenzako si mfuko wako wa akiba.

Katika meli ya kurudi kijana aliketi karibu na binti, akamwomba radhi. Tulimsikia akimjibu, “Nimekusamehe, kaka.” Baadaye, tulipokuwa peke yetu, tukataka kumfariji. Tukasema ya kuwa yote yamekwisha vema, kwa kuwa aliokoa mtu, na saa mbili si kitu. Akatutazama, akasema kwa upole, “Mwalimu, msamaha nimempa, na ningefanya vile vile tena. Lakini usiniambie si kitu. Zile asubuhi zilikuwa zangu.”

Hatukuwa na jibu, wala mpaka leo hatunalo. Lakini juma lililofuata, saa kumi na moja alfajiri, kijana alibisha hodi kwetu akiwa amevaa viatu vya kukimbia. Tulitaka kumwambia, “Juma lijalo.” Tukaamka.